Kupiga rangi za kujificha darubini ya usiku na vifaa vya porini: nimepeleka vyangu kwa fundi wa Ngamiani, Tanga

Naandika hii kwa ajili ya vijana wanaotembeza wageni usiku huku kwetu, Amani, Magoroto, kule Pangani upande wa Saadani, na wengine tu wenye mapenzi ya kuangalia ndege na wanyama, maana swali la kupiga rangi za kujificha kwenye darubini za usiku limekua kubwa saivi na majibu mengi watu wanayatoa kwenye video za Wamarekani ambao mazingira yao na sheria zao si zetu. Mi nimepeleka vifaa vyangu kwa fundi spreya mmoja wa Ngamiani, nimeingia navyo msituni kwenye mvua na nimetembea navyo ufukweni kwenye chumvi, kwahiyo naongea kitu nilichokishika. Kwa wale wavivu wa kusoma, stendi ya miguu mitatu, chupa ya chai, sanduku la betri na kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, piga rangi, na huyu fundi ni mzuri. Darubini yenyewe ya usiku usiipige. Na hivyo vya kupiga usipige yale madoa ya kombati, piga rangi ya udongo iliyofifia, basi.

Sasa tuanze na fundi maana hii ni rivyuu yake. Hana bango wala jina la ofisi na ameniomba nisiweke namba yake kwa sababu hataki foleni, ila ukiingia zile barabara za Ngamiani ukauliza fundi anayepiga rangi tangi za bodaboda utaonyeshwa, kibanda kiko nyuma ya gereji, pembeni kuna mama anakaanga vitumbua vizuri mno asubuhi. Kazi yake kubwa ni tangi, madigadi, helmeti na baiskeli, na Tanga si unajua baiskeli bado zina heshima yake, kuna wazee wanaleta baiskeli ya zamani irudishwe rangi ile ile na mistari ile ile ya dhahabu, na anaifanya kwa mkono. Nilipomuona anapiga mstari bila rula nikasema huyu anafaa.

Nilimpelekea stendi ya miguu mitatu ya aluminiamu, chupa ya chai ya stili, sanduku la plastiki la kuwekea betri na chaja, fimbo ya kutembelea, na kamera ya mtego ile ya kufunga kwenye mti. Darubini nilikwenda nayo pia mfukoni ili tuijadili. Kitu cha kwanza nilichompendea hakukimbilia kusema itawezekana. Aliishika, akaigeuza, akaiminya ile sehemu ya mpira kwa kidole, akasema, "Mjomba hii mpira wake unacheza, rangi itapasuka hapa wiki haiishi, na huku kwenye hii ringi ya kuzungusha rangi ikiingia kwenye mifereji utakuja kunilaumu." Nikamwambia mdogo wangu umeongea kitaalamu, tuiache. Mafundi wengi mjini wangeipiga tu na kuchukua hela.

Jinsi anavyofanya kazi. Anaosha kwanza kwa sabuni na maji, anakausha, alafu anafuta kwa spiriti kutoa mafuta ya mikono. Anasugua na msasa laini wa maji, si kwa nguvu, ni kukwaruza tu ile ngozi ya juu rangi ipate pa kushika. Kila pasipotakiwa rangi anaziba kwa tepu ya karatasi, na hapa ndo utamjua fundi, kwenye kamera ya mtego aliziba lenzi, akaziba kile kidirisha cha kuhisi joto, akaziba zile taa ndogo ndogo za mbele zote, akaziba mdomo wa betri na raba inayozuia maji. Ile raba rangi ikiganda juu yake mfuniko haufungi sawasawa, maji yanaingia, kamera imekufa. Baada ya hapo anapiga spreya kwa mbali, kama sentimita 25 hadi 30, mkono unatembea haukai sehemu moja, tabaka jembamba, anaacha likauke, anarudia. Tabaka tatu nyembamba zinashinda moja nene mara zote, ile nene inachuruzika alafu ndani inabaki mbichi.

Rangi niliyomwambia ni kahawia ya udongo iliyofifia isiyong'aa, juu yake kijani cha majani makavu hapa na pale. Kwenye kuweka kile kijani alinishangaza, alitoa kipande cha nyavu kuukuu za kuvulia akakifunga kwenye mguu wa stendi, akapuliza juu ya nyavu kwa mbali, akakiondoa, pakabaki alama za vimacho macho zimefifia, mbali kidogo huoni mguu wa stendi unaona tu kitu kimechanganyika na gome la mti. Anasema ndo anavyofanya ngozi ya nyoka kwenye tangi za bodaboda. Kwenye sanduku nikamuomba atumie majani ya mti halisi, tukachuma ya mwembe na vijiti vya mchongoma, akayalaza, akapuliza pembeni yake. Imetoka vizuri sana ile, na haifanani na nguo ya askari yeyote, jambo ambalo nitalirudia huko chini kwa sababu ndo zito kuliko yote.

Stendi ina ujanja wake mtu aujue kabla hajapeleka. Miguu ya stendi inaingiana, ule mnene wa juu unameza mwembamba wa chini. Ule mnene peke yake ndo unapigwa. Ukipiga rangi na ile ya chini, kwanza itakwanguka siku ya kwanza unapoifunga, pili zile chenga za rangi zinaingia kwenye kufuli za kukazia na mguu unaanza kukwama au kuteleza, na mguu ukiteleza usiku na darubini iko juu yake ni hasara kubwa. Kichwa cha stendi nacho tuliacha, pale penye bamba la kufungia na skrubu. Ile sehemu yenye rangi ya fedha iliyobaki chini nimeifunga kitambaa cha gunia la mkonge, wa Tanga tunashindwaje mkonge, na kimekaa vizuri kuliko nilivyotegemea, hata mlio wa chuma kugonga mawe umepungua.

Chupa ya stili ndo imefaidika kuliko vyote. Stili inang'aa kama sufuria jipya, hata usiku wa mbalamwezi inarudisha mwanga, na mchana jua likipenya kwenye matawi likaigonga mbega walioko juu wanaona. Ila stili inahitaji praima, yani rangi ya chini ya kushikia, bila hivyo inabanduka kama ganda pale unaposhika kila siku. Fundi aliweka. Mdomo wa chupa na kikombe chake hatukugusa, pale panapoingia mdomo wa binadamu spreya ya gari haina kazi.

Plastiki ndo ya kuwa nayo makini. Si plastiki zote zinakubali rangi. Hizi ngumu za kamera na masanduku mazuri huwa zinakubali vizuri, lakini zile laini laini zenye utelezi wa nta, kama chupa za maji na madumu, rangi haishiki, utapiga leo kesho unaikwangua kwa kucha. Alafu kuna thina. Thina kali inaila plastiki, inaifanya iwe na vinyufa vidogo dogo au ipauke, na zile plastiki angavu za vioo ndo kabisa. Kwahiyo usikubali fundi afute kifaa chako cha plastiki kwa thina kabla ya kupiga, mwambie spiriti au sabuni. Mpelekee kipande kingine cha plastiki hiyo hiyo ajaribu kwanza, au ajaribu upande wa chini usioonekana.

Na hapa niseme kitu ambacho kwenye zile video sijawahi kusikia wakikitilia mkazo na kwetu ndo kinaharibu rangi kuliko jua na mvua. Dawa ya mbu ya kupaka. Zile zenye DEET. Amani ukiingia usiku bila dawa ya mbu hutamaliza saa moja, na bonde la Sigi mbu wako serious kabisa, sasa mtu anapaka mikono alafu anashika stendi, anashika tochi. DEET inalainisha rangi na inayeyusha baadhi ya plastiki, unakuta sehemu unayoshika imekua inanata, alama ya vidole imebaki, rangi imehamia mkononi. Nimeona kwenye fimbo yangu pale kwenye mshikio na ndo maana saivi mshikio nimeuvika mpira wa tyubu ya baiskeli. Dawa zenye picaridin hazina hiyo shida ya kuyeyusha plastiki, ila kuzipata mjini ni bahati, mara nyingi ni wageni wanakuja nazo. Ukitumia DEET paka kwa nyuma ya mkono, viganja osha.

Haya, darubini. Kwanini nakataa.

Tuwekane sawa kwanza kuna aina mbili watu wanazichanganya. Ipo ile ya tyubu, inayochukua mwanga kidogo wa nyota na mwezi na kuukuza, hizo ndo za jeshi na ndo hizo Wamarekani wanazipiga rangi, mfano PVS-14, kidude cha jicho moja, kama gramu 350 hivi, betri moja ya AA. Zile nzuri kabisa Marekani inazibana kwa sheria zake za kusafirisha vifaa vya kijeshi, hazitoki ovyo, kwahiyo huku kwetu utaziona kwa nadra sana. Ya pili ni ya dijitali, ina kihisi kama cha kamera na kioo kidogo ndani, na ina taa yake ya kumulikia ya infraredi, yani mwanga ambao jicho la mtu karibu haliuoni, hizi ndo nyingi wanazo, za Kichina, hata yangu ni hiyo. Na kuna ya joto, hiyo ni habari nyingine, inaona joto la mwili, na kwa taarifa yako hakuna spreya ya kopo itakayokuficha mbele ya hiyo.

Ile ya tyubu ndani imejazwa naitrojeni kavu ili isiingie ukungu, ina skrubu ya kutolea gesi, ina raba za kuzuia unyevu, ina ringi ya fokasi mbele na ringi nyingine ya kurekebisha jicho nyuma. Kila kimoja hapo ni mlango wa rangi kuingia pasipotakiwa. Hewa ya Tanga yenyewe ina unyevu na chumvi, lenzi zinashika fangasi ukizembea, sasa mtu anaongeza kumkabidhi fundi avunje ringi au alegeze kitu ili apige vizuri. Alafu garanti inakufa, na siku ukitaka kuiuza mnunuzi anaanza kujiuliza imeficha nini chini ya rangi, imeanguka? ina ufa? Ya dijitali nayo mwili wake mara nyingi umevikwa mpira, na mpira kama fundi alivyosema unacheza, rangi inapasuka na kuanza kudondosha vipande, na vipande vinaenda wapi, kwenye lenzi.

Sasa Wamarekani wanapiga kwa nini? Wana sababu yao na ni ya kweli. Askari akitafutwa na adui mwenye darubini ya usiku anatakiwa asionekane kwenye darubini. Na hapo kuna sayansi nzuri sana nataka muielewe. Majani mabichi yanarudisha infraredi kwa wingi, ukiangalia msitu kwa darubini ya usiku majani yanaonekana meupe meupe yanawaka, huku gome na udongo unyevu vikiwa na giza zaidi. Kitu cheusi chenye rangi ya kaboni kinabaki kipande cheusi katikati ya majani meupe. Na kinyume chake, kuna nguo na mikanda myeusi ya nailoni ambayo kwa macho ni nyeusi tii lakini kwenye darubini inawaka nyeupe, kwa sababu rangi iliyotiwa kwenye kitambaa chake hainyonyi infraredi. Kwahiyo rangi mbili za kijani zinazofanana mchana zinaweza kutofautiana kabisa usiku. Kama una ya dijitali jaribu mwenyewe, chukua maboksi, piga kila kipande spreya tofauti, yaegeshe kwenye kichaka usiku, washa taa ya infraredi uangalie. Mi nilifanya na fundi tukiwa nyuma ya gereji na alishangaa kuona kijani chake kimoja kimekua cheusi kabisa mbele ya majani ya mpera.

Lakini jiulize, nani anakuangalia wewe kwa infraredi kule Amani? Komba hana darubini. Na komba hatofautishi rangi, jicho lake ni la usiku, linakusanya mwanga, ndo maana ukimmulika macho yanawaka. Swala, nguruwe pori na wengi wa wanyama wenye miguu minne wanaona rangi chache kuliko sisi. Wanaoona rangi kama sisi ni mbega, kima na nyani, na hao usiku wamelala. Ndege ndo wanaona rangi nyingi kuliko sisi, lakini bundi anawinda kwa sikio na kwa mwendo wa kitu zaidi ya rangi yake. Kwahiyo usiku lile doa la kijani juu ya kahawia halina anayelisoma. Kinachosomwa ni mng'ao, umbo linalokatika juu ya anga, kusogea, sauti na harufu. Rangi isiyong'aa inakusaidia kwenye mng'ao, na kidogo kwenye umbo, imeishia hapo. Sababu ya askari si sababu yetu, na hili ndo ningependa kijana anayeanza kazi alishike kabla hajatoa hela yake.

Na harufu msidharau, rangi mbichi inanuka siku kadhaa baada ya wewe kuacha kuisikia. Vitu vyangu niliviacha uani kwenye upepo na jua mpaka nilipoweka pua nikakosa kitu ndo nikaingia navyo msituni.

Kuna kitu kingine kinachokuumbua na wala hakipigwi rangi, mwanga unaotoka kwenye darubini yenyewe. Kioo cha dijitali kikiwa kimewashwa sana kinakumulika usoni, mgeni aliyesimama pembeni anakuona una uso wa kijani au mweupe, sasa bundi je. Weka raba ya jicho, ile ya kikombe inayobana, na punguza mwanga wa kioo mpaka chini. Na taa ya infraredi, zipo za nanomita 850 na za 940, hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Ile ya 850 inafika mbali lakini ukiitazama mbele ina nukta nyekundu hafifu, ya 940 haionekani kwa jicho lakini haifiki mbali. Mi kwa kazi za karibu naenda na 940. Ukitaka kumfikia yule bundi mkubwa ambaye hata jina lake kwa wazungu ni la Usambara, au kile kibundi kidogo cha Sokoke kinachopatikana Arabuko-Sokoke kule Kenya na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, haya mambo ya mwanga yatakusaidia kuliko kopo lolote la spreya. Na kinyonga wala usisumbuke na darubini, usiku amelala kwenye ncha ya tawi amepauka, tochi ya kawaida tu inamuonyesha.

Sasa ile niliyosema ni nzito. Madoa ya kombati. Ndugu zangu huku ni Tanzania. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na JWTZ mwaka 2023 ilitoa siku saba kabisa watu wasalimishe walizonazo. Najua rangi kwenye stendi si sare. Lakini wewe fikiria picha nzima, ni usiku, uko karibu na mpaka wa hifadhi, una kidude cha kuonea gizani, una begi na stendi vyenye madoa ya kijeshi, umekutana na askari wa doria anayetafuta majangili na roho iko mkononi. Yeye hana muda wa kutofautisha. Kuna mgeni nilimpokea stendi ya mabasi akiwa na koti la madoa na begi lake, nikamwambia kwa heshima avue kabla hatujapanda gari ya Muheza, na kwenye kizuizi cha njiani walikagua begi kwa muda mrefu, waliuliza maswali kwa adabu, na walikua na haki yao. Tangu hapo kwenye ujumbe ninaowatumia wageni kabla hawajaja naandika kabisa, msije na nguo wala mabegi ya kijeshi, kaki na kahawia zinatosha.

Ndo maana nawaambia udongo uliofifia, majani, nyavu. Vinaficha vizuri sawa na hayo madoa na hakuna mtu atakayekuuliza umetoa wapi. Ukimpelekea fundi picha ya bunduki ya kwenye gemu ukamwambia nataka hivi, huyu wa Ngamiani atakukatalia, alinieleza kuna kijana alileta helmeti ipigwe kombati akamrudishia. Nimemheshimu zaidi kwa hilo.

Jambo lingine ni kupotea. Kitu ulichokipiga rangi ya majani makavu kikidondoka kwenye majani makavu usiku kimeondoka. Kifuniko cha lenzi cha mteja wangu mmoja kilikua kimepigwa rangi nzuri sana huko kwao, kikadondoka njiani, tulikitafuta wote na tochi hatukukiona. Kwahiyo vitu vidogo, vifuniko, tochi, kisu, kifaa cha GPS, filimbi, usivifiche. Vifunge kamba ya rangi ya chungwa. Sanduku la huduma ya kwanza libaki na rangi yake linaloonekana, na wale wa boti za kwenda kuangalia mikoko, jaketi la kuokolea maisha halipigwi rangi kwa sababu yoyote ile duniani, liwe la kuwaka. Kwenye sanduku langu la betri nimeacha upande wa ndani wa mfuniko mweupe, nikilifungua gizani naona kilichomo.

Kwa darubini, badala ya rangi, mi nimeivika. Bandeji ya krepu ya duka la dawa, ile ya rangi ya ngozi, nimeichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea ikawa kahawia, nikaikausha, nikaizungushia mwili wa darubini nikiacha vitufe, ringi, mlango wa betri na pale taa inapotokea. Haing'ai, haitelezi mkononi hata mvua ikinyesha, ikichafuka naifua, na siku ya kuiuza naifungua darubini ikiwa mpya chini yake. Ziko tepu za kitambaa zinazojishika zenyewe bila gundi zinazouzwa nje kwa kazi hii, ukiletewa na mgeni chukua, ila gundi ya tepu za kawaida kwenye joto letu inayeyuka na kuacha uchafu. Kitu kimoja tu, ukirudi nyumbani ivue ikauke, bandeji yenye maji kuzunguka kifaa cha umeme kwenye unyevu wa Tanga ni kukaribisha fangasi. Na kwenye mng'ao wa lenzi mbele weka kofia ndefu ya lenzi, hata ya mpira, ndo dawa yake.

Sasa nimalizie na fundi, bei na kasoro. Bei yake ni ya mazungumzo, anapiga hesabu ya makopo ya spreya yatakayotumika na muda wake, kwangu kwa vitu vyote vile ilikua chini ya nilivyotegemea na nilimuongezea kidogo kwa ile kazi ya nyavu. Ukija na makopo yako mwenyewe anapunguza, na nashauri uje nayo, kwa sababu rangi isiyong'aa kabisa madukani mjini ni tabu, nyingi zinang'aa za magari. Kama hukupata, mwambie apige vaanishi isiyong'aa juu, au pitisha msasa laini sana baada ya kukauka. Zile spreya za Krylon za kujificha wanazosifia Wamarekani sijaziona duka lolote hapa, usipoteze nauli kuzitafuta.

Kasoro zipo. Anapulizia nje, na upepo wa bahari mchana unaleta vumbi, kwenye sanduku langu kuna vichembe vimeganda ndani ya rangi upande mmoja, kwa kifaa cha porini hainisumbui lakini ungekua unapiga kitu cha kupendeza ungekasirika. Mpelekee asubuhi upepo haujaamka. Muda nao, alisema kesho kutwa ikaenda zaidi kwa sababu msimu wa bodaboda ulimbana, na hakunipigia kuniambia, nilifika nikakuta stendi bado ina tepu. Hilo nimemwambia uso kwa uso na amelipokea vizuri. Na havai barakoa. Hili linaniuma kweli, kijana mwenye mkono wa dhahabu vile anavuta spreya siku nzima, nilimpelekea barakoa ya chujio na naomba mkienda mumkumbushe aivae, mkiona hajavaa msikubali aanze kazi yenu.

Baada ya matumizi, stendi rangi imekaa vizuri isipokua kwenye kingo, chupa haina hata mkwaruzo wa maana, kamera ya mtego nimeifunga kwenye mti karibu na kijito na wapita njia hawajaiona, sanduku limechubuka pembe moja kwenye buti ya gari na amenirekebishia bure. Kwa hivyo vitu nampa nne na nusu kwa tano. Kwa kukataa kuipiga darubini yangu nampa tano kamili.

Ukienda, nenda Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi, Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya swala na Jumamosi amejaa bodaboda. Beba tepu yako ya karatasi iliyo nzuri, ile yake inaacha gundi.